Milimita Mbili

Kila Machi napanda ndege ndogo kutoka kisiwa cha Flores,
ng'ombe wangu kumi na mmoja namwachia jirani Belmiro,
naenda kulala ndani ya sumaku.

"Usitikisike, Dona Idalina," asema fundi wa picha,
nami nacheka: kama ningeweza kutulia
ningekuja huku kufuata nini?

Mashine yagonga kama mafundi bati.
Namkumbuka baba, alivyokuwa akiyumba atokapo kanisani.
Wakamwita mlevi,
yeye ambaye divai aliionja kwa kijiko tu, akishikwa na kikohozi.

Daktari Quitéria aweka picha mbili kiooni:
ya mwaka jana, ya leo.
Hapa, nyuma, chini, ubongo mdogo.
Ulikuwa kabichi iliyofunga vizuri,
sasa majani yameachana, maji meusi yamepita kati.
Apima. Milimita mbili.

Milimita mbili ni nini?
Ni kifungo kilichokataa kuingia tunduni.
Ni ndoo ya maziwa niliyomwaga Jumatatu
nikamsingizia paka.

Damu nzito kuliko maji, walisema wahenga;
hawakusema uzito huo nani ataubeba.

Binti yangu ananingoja ukumbini, miaka ishirini na sita,
hajapimwa, hataki kupimwa.
Asimama kwa mguu mmoja, afunga kamba ya kiatu,
nami, bahasha ya picha kwapani,
nahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne.

Hajayumba.