Sababu ya Kuhama (Andika kwa Ufupi)

Fomu iliniachia mistari miwili ya nukta.
Mrajisi, mistari miwili haimtoshi hata baba yangu kwa majina yake.
Nikaandika: *Kusoma uhandisi wa umeme.* Nikatia saini.
Haya mengine nimebaki nayo.

Toka lango lenu hadi lango lao ni hatua mia mbili na kumi.
Nimezihesabu asubuhi, nikazihesabu tena alasiri,
maana jua la mchana la Mwera huzirefusha.
Katikati pana lami, pana mfereji uliozibwa na chupa,
pana meza ya Bi Mwatima, muuza urojo.
Yeye hana habari na fulana ya buluu wala ya kijani.
Hukuuliza tu: na bajia, au bila bajia?

Nanyi mwajua mlivyotulea.
Siku ya kwanza, kabla hatujapewa vitambulisho,
tulifundishwa kuwazomea.
Wale wa ng'ambo, tukaambiwa, hesabu zao za kukariri,
maabara yao ina nyaya, haina walimu.
Nami nikazomea. Fainali ile Mundhir alipodaka penalti
nilipiga dumu kwa mwiko hadi likapasuka.
Sikatai.

Lakini uhandisi hamna.
Mna ualimu wa fizikia, na ni mzuri, sina la kuusema:
Maalim Shaali alituchorea mkondo wa umeme ubaoni,
mishale myeupe ya chaki ikiizunguka taa
ambayo kwa miaka miwili
haikuwaka.

Kwetu Kiuyu pampu ya kisima ilikufa mwezi wa Shaabani.
Fundi akaja na vespa kutoka Wete, akaifungua,
akaichungulia, akaifunga,
akala wali, akaondoka.
Ramadhani nzima tulifuturu kwa maji ya kuchukuliwa kichwani.
Msomi wa nyumba ni mimi. Wote wakanigeukia.
Nikawaeleza kanuni ya Ohm, tangu mwanzo hadi mwisho.
Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa:
"Mashallah. Sasa maji?"

Mihuri saba, Mrajisi.
Maktaba ilinidai kitabu nilichokirudisha.
Watu wa mkopo wakauliza nimefukuzwa au nimekimbia.
Na huko ng'ambo karani akashusha kalamu
juu ya masomo yangu ishirini na mawili:
hili ndiyo, hili siyo, hili siyo, hili
siyo,
miaka miwili ikatoka ofisini mwake
ikiwa muhula mmoja na nusu.

Raiye, niliyekula naye sahani moja tangu tulipofika,
alipoiona bahasha hakunitukana.
Aliianua fulana yangu ya buluu kwenye kamba,
akaikunja vizuri, vizuri mno,
kama zikunjwavyo nguo za marehemu
kabla ya kugaiwa.

Wala msidhani huku nimepokewa kwa ubani.
Waniita Mpakani.
Nikikosea: "Ndivyo mlivyosomeshwa kule?"
Nikipatia, kimya.

Jana Mhandisi Bishara alituwekea mezani transfoma iliyopasuliwa tumbo.
Koili mbili, zimekumbatia chuma kimoja,
zenyewe kwa zenyewe hazigusani hata kwa unywele;
zikigusana, moshi.
Umeme unaingia kwa hii, unatokea kwa ile.
"Sasa unapita wapi?" akauliza kijana wa nyuma,
kwa hasira kidogo, kama aliyeibiwa.
Darasa likatazama chini.
Mimi nilikuwa najua. Maalim Shaali alilimaliza lile
siku ya mvua, chaki ikimvunjikia mkononi.
Nikanyoosha mkono.

Jumamosi ni fainali tena.
Bi Mwatima keshaniuliza, bakuli mkononi,
safari hii nitakaa upande gani.
Nimemwambia: na bajia.