Gramu Hamsini na Sita

Jumanne ya kwanza ya mwezi, mjini Kemi,
saa tisa alasiri na tayari usiku.
Kioski cha Bi Rauha kilikuwa na kidirisha
chenye ukungu wa kahawa. Nikigonga kwa sarafu hakuuliza:
alilitoa chini ya meza, mbali na majarida ya kufuma
na ya kuvua samaki kwenye barafu,
akasema, "Marjut, huyu wa jalada hajachana nywele."
Hakuwahi kuchana. Ndiyo maana nilikuja.

Nililitia ndani ya koti, likanilalia tumboni,
baridi kwanza, kisha vuguvugu.
Kiwanda kilitema moshi wake wa kabichi iliyochemka mno.
Harufu ya pesa, walisema wakubwa.
Jarida lilinukia wino.

Sikuanza na picha. Nilianza nyuma,
ukurasa wa barua, herufi kama sisimizi:
mtu wa Joensuu anauza gita la besi, nyuzi mbili hazipo;
mwenye jina la siri Kunguru, miaka kumi na mitano,
anatafuta wa kuandikiana naye,
sharti asipende mpira wa magongo.
Asipende mpira wa magongo!
Nilidhani niko peke yangu kaskazini yote.

Kisha mahojiano. Waandishi wale hawakuwa na adabu,
na sijui kama umewahi kuwa na miaka kumi na minne
mahali ambapo kila sentensi huvaa kofia kabla ya kutoka nje.
Wao walitoka vichwa wazi.
Albamu hii ni supu ya jana, walisema,
ile inang'oa paa.
Walinisemesha kama mwenzao
aliyechelewa kidogo tu kufika.

Bango la katikati nililitoa kwa kisu cha siagi,
nikinyoosha pini mojamoja,
lakini matundu mawili yalibaki
palepale kwenye kitovu cha mpiga gita.

Redio yetu ilicheza tango, kisha hali ya hewa, kisha tango.
Kwa hiyo bendi ile ya Turku niliisoma miezi minne
kabla sijaisikia. Niliijua kwa maneno matupu:
nzito, yenye kutu, lifti inayoshuka bila kamba.
Usiku, tochi chini ya blanketi,
niliwatungia sauti mwenyewe,
ya barafu ya mto inapopasuka mwezi Mei
na madaraja yanashika pumzi.

Santuri ilipofika kwa posta
niliweka sindano, nikaingoja lifti.
Walikuwa vijana wanne wakipiga kwa haraka.
Wazuri. Vijana wanne.
Nilikaa sakafuni kama niliyeibiwa,
hadi upande wa pili ulipokwisha na sindano ikakwaruza mahali pamoja,
nikatambua kwamba ile barafu
haikuwa yao hata kidogo.

Baba alirudi kutoka zamu ya usiku
akalikuta jarida kando ya mkate.
Hakumtazama yule asiyechana nywele.
Alisugua pembe ya ukurasa kwa vidole viwili,
kama mtu anayepima unga.
"Gramu hamsini na sita. Hii yetu, mashine namba tatu.
Wameibana, wino unapenya."
Na kweli: ukiinua ukurasa kwenye taa,
barua za upande wa pili zilimtokea mwimbaji usoni,
Kunguru katikati ya paji.

Wiki iliyofuata nilikuta rundo mlangoni,
karatasi nyeupe zilizokatwa upogo, zisizouzika.
Baba hakusema ni za nini. Kwetu hakuna anayesema ni za nini.
Niliandika kuhusu vijana wanne,
nikafuta, nikaandika kuhusu barafu,
nikaipeleka kabla ujasiri haujapoa.

Toleo la Machi, ukurasa wa nyuma, chini kabisa,
mistari sita ya sisimizi.
Baba alilishika, akasugua pembe
kwa mazoea.
Kisha akaenda kutafuta miwani.