Waya wa Elfu Moja

Tuliuza viazi magunia ishirini na mawili,
vya Umalila, vyekundu, vya kuchagua kwa mkono,
tukamlipa fundi aliyefika na basi la usiku
akiwa na mkoba mweusi na kikohozi cha baridi yetu.
Akasema: Mama mhazini, nitazifunga nyimbo hizi
hata shetani akitaka kuzinakili, atarudi mikono mitupu.
Nikatia sahihi. Mwalimu Asangalwisye akatia sahihi.
Nyimbo tisa, sidii mia tano, kufuli moja.

Jumapili ya uzinduzi mvua ilikuwa juu ya bati.
Deki ya usharika ikaimeza sidii,
ikafikiri,
ikaitema.
Tukaenda kwa kompyuta ya katibu. Ikadai namba,
alama ishirini na tano, na mimi nazisoma
kwa miwani ya kuazima, kwa sauti, mbele ya kanisa:
hii ni sifuri, au ni herufi O?
Watu mia tatu wamekaa kimya
wakisubiri sauti zao wenyewe zipewe ruhusa.

Jumatano nikateremka Mwanjelwa
kumtafutia mjukuu sweta la mtumba,
nikasikia naimba.
Si wimbo tu, ni mimi: ile pumzi iliyonikatika
ubeti wa tatu, nikaomba irudiwe, haikurudiwa,
sasa inatoka kwenye spika iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kijana anaitwa Gwakisa. Koti la jeshi lisilo na vifungo,
kompyuta iliyong'oka herufi nne.
Nikamwuliza, umelivunjaje?
Sijavunja kitu, mama.
Akaniinulia waya mweusi, mfupi kama mkia wa panya,
aliununua elfu moja hapo hapo kwa jirani:
ncha hii tundu la kutolea sauti,
ncha hii tundu la kuingizia.
Ikilia tu, nimeshaipata.
Labda mngeifunga isilie kabisa.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa na neno polisi
limekaa tayari mdomoni.
Lakini mteja mmoja kutoka Chunya, mwenye vumbi la dhahabu kwenye kucha,
alikuwa anasubiri flashi yake ijazwe,
na mguu wake ulikuwa unafuata besi ya Mwalimu.

Mwaka uliofuata simu ya fundi haikupatikana.
Kompyuta ya katibu ilipigwa na radi,
na mpya, tulipoipa ile namba, ikajibu:
imeshatumika.
Tulicheka. Bado tulikuwa na Mwalimu,
akitaka kuimba anaimba.

Akafa Juni, mwezi ambao majani ya Mporoto
huamka asubuhi na weupe wa barafu.
Mjane akaomba kitu kimoja, asikie wimbo wa sita,
ule anaoanza yeye peke yake, chini kabisa,
kabla sisi hatujaingia.
Sidii tunazo, maboksi manne chini ya madhabahu.
Bubu zote.

Nikateremka tena Mwanjelwa, kwenye ukungu, na kitenge cha msiba.
Gwakisa hakuuliza. Alitafuta kidogo, akaupata
kati ya rumba na mahubiri ya mtu wa Makambako.
Akanitoza mia tatu, kama mteja yeyote.
Nikalipa, kama mteja yeyote,
na njia nzima ya kupanda sikujua nimkasirikie nani.

Ukisikiliza vizuri, chini ya besi ya Mwalimu
kuna mvumo mwembamba, ni wa ule waya.
Mjane anasema sasa bila huo mvumo
asingemtambua.

Sidii tumezitundika kwenye kamba
juu ya ulezi wa usharika.
Zinazunguka, zinameta, zinarusha jua huku na huku.
Wiki ya kwanza ndege waliogopa.