Kopo Lililobonyea

Syokau hapimi kwa mizani. Hupima kwa kopo la rangi
lililobonyea upande mmoja,
na Kariobangi nzima inajua bonde lile ni faida yake.

Leo, gunia lilipofunguliwa, kimemjia mkononi
kipande ambacho gome lake bado lasomeka.
Anakigonga kwa ukucha. Kinalia kama kigae.
Mgunga.
Wa mpakani, labda, kwa kina Mutinda,
uliowaangushia mbuzi maganda nyasi zikiisha.

Hamuulizi dereva ameutoa wapi.
Simu za mamake siku hizi ni vumbi tu:
vumbi kwenye uji, kisima cha mchangani
kimeshuka mikono mitatu,
mvua ya siku mbili iliyokuja, ikaubeba udongo,
ikaenda nao.

"Mama, mbona makaa yako ni membamba?
Hata maharagwe hayajaiva, yashakuwa jivu."
"Ndiyo miti iliyobaki," anajibu,
na kopo anajaza hadi juu, halafu kipande kimoja zaidi.
Nani atamwambia huyu, ana watoto wanne, asiwashe jiko?

Usiku anatuma pesa, na ujumbe mrefu kuliko pesa:
Msinunue unga wote. Mlipeni Mutinda achimbe makinga-maji
kabla ya Novemba. Na kile kisiki,
msiking'oe, kina mizizi ya babu.
Chagueni chipukizi moja lililonyooka,
mlizungushie miiba.

Kidole kinaacha doa jeusi kwenye kioo.
Analifuta kwa leso. Halitoki.
Anasubiri jibu.