Mtunza Makoti

Nipe koti lako, nikupe kibati chenye namba.
Ndiyo kazi yangu kila Jumamosi ya pili ya mwezi
katika ukumbi wa Waslovenia, kaskazini kabisa mwa Minnesota,
mji ambao chuma chake kimeshachimbwa karibu chote
na theluji ya Februari imefika kwenye kitasa cha mlango.

Ni mazito, nakwambia.
La Leopold Mrkun linanuka dizeli,
mfukoni mna bisibisi, karatasi ya hospitali, peremende moja.
La Albina Zobec lilikuwa la marehemu mumewe;
mikono inamfunika hadi kucha, na hataki lipunguzwe.
Nayapima kwa kiganja yakipita kaunta:
hili kilo nne, hili sita,
hili ni deni la benki.

Halafu Ludvik anakaa kwenye kiti chake cha mbele,
anafungua kodiani taratibu, mikunjo inajaa hewa,
na ukumbi mzima unashusha pumzi kwa niaba yake:

   moja-mbili, moja-mbili,
   besi yakanyaga, ngoma yadaka,
   kisigino, kidole, geuka, shika,
   moja-mbili,
   nani kabaki kitini?

Sijui namna ya kumweleza polka mtu ambaye hajaisikia.
Muziki mwingine hukubishia hodi.
Huu unakukuta umeshaingia,
umeshavua viatu, umeshafunua sufuria.
Wajuaji wa mjini wanauita muziki wa mabibi na soseji.
Haya. Njoo umwone bibi.

Albina ana nyonga ya chuma.
Vidato viwili vya mlangoni amevipanda kwa dakika nne;
nilihesabu, maana baridi ilikuwa inaingia.
Sasa mtazame anavyozunguka!
Sakafu haikanyagi, anaipa taarifa tu kwamba anapita.
Na Leopold aliyemshika kiuno amekaza uso
kama mtu anayengoja basi lililochelewa,
lakini miguu yake, jamani,
miguu yake inacheka peke yake huko chini.

Bilauri zinagongana rafuni bila kuguswa.
Mbao za maple zinabonyea na kurudi, zinabonyea na kurudi,
hata mimi niliyesimama nyuma ya kaunta
napandishwa na kushushwa na furaha za watu wengine.

Kuna kijana wa duka la matairi, Trevor,
kaletwa na nyanyake kama anavyoletwa mtu kwa daktari wa meno.
Nyimbo mbili nzima simu haijamtoka usoni.
Ya tatu, kitoto Marjeta, asiye na meno ya mbele,
kikapanda juu ya viatu vyake, mguu kwa mguu,
kikamwambia: "Endesha."

Akaendesha.

Niliwahi kumuuliza Ludvik maana ya maneno,
maana mimi lugha ya babu zangu niliibakiza kwenye vyakula tu.
Akasema: huyu msichana ameachwa.
Huyu mama amezikwa, na barua ikachelewa kufika ng'ambo.
Huyu ameingia shimoni asubuhi.
Nikasema, lakini mnaucheza kwa kasi hivi!
Akafuta jasho shingoni kwa leso:
"Ungekuwa wa furaha tungeucheza polepole.
Tungekuwa na haraka ya nini?"

Saa nne na nusu Albina alikuja kaunta,
mashavu mekundu, nywele zimetoka kwenye vibanio.
Nikanyoosha mkono nipokee kibati chake.
Hakunipa. Akaegemea, akanitazama:
"Wewe, la kwako anakutunzia nani?"

Basi.
Nikajikatia namba arobaini na mbili,
nikatundika sweta langu kwenye msumari wa mwisho,
nikapita chini ya kaunta kama mwizi.

Ukija usikute mtu hapa, ingia tu ndani,
koti lako utajichukulia mwenyewe.
Ni lile zito.