Unga Usioshikana

Miaka kumi na tisa mikono yangu inakanda ngano
kule Kadutu, nyuma ya ukuta wenye masizi.
Saa nane usiku nawasha tanuri, saa kumi na moja
akina mama wamejipanga na mabeseni,
na mkate wangu, ukiuvuta unavutika,
ukiubonyeza unarudi kama shavu la mtoto.

Ndipo daktari akaniambia jina la ule mvutano.
Gluteni.
Kumbe una jina. Kumbe ndio uliokuwa
ukimkata Ansima tumbo tangu aachishwe ziwa,
ukamwachia miguu ya korongo na macho ya mtu mzima,
binti wa mwokaji.

Nilirudi kwa miguu toka hospitali, mvua ikinyesha,
kilima kikiteleza kama sabuni,
nikahesabu maandazi niliyompa kwa mkono huu:
ya asubuhi, ya moto, ya "chukua, mwanangu, ongeza."
Sikumaliza kuhesabu.

Tangu siku hiyo sigusi mlango wangu bila kuoga.
Koti naliacha nje, nasugua kope, nyusi,
nachokoa masikio kwa ncha ya kitambaa.
Yeye ananingoja upande wa pili wa pazia:
"Baba, umeshakuwa mtu?"
"Bado kidogo. Bado ni mkate."

Shemeji yangu Nshombo yuko Liège. Alituma,
ndani ya sanduku la mgeni, kati ya soksi na dawa ya meno,
kilo mbili za unga wa rangi ya jivu lililopoa,
wenye madoa kama yai la kware.
Sarazeni, karatasi inasema.
Si ngano, wala si binamu wa ngano;
punje yake ina pembe tatu, kama mafiga yanavyokaa.
Nikaunusa: udongo baada ya manyunyu,
na karanga iliyosahauliwa kikaangoni.

Nikaukanda.
Nani angenifundisha nisikande?
Nusu saa nzima, ule unga ukinitazama tu,
haushiki, hauvutiki, hauna deni na mtu.
Uliingia tanurini tofali, ukatoka tofali.
Mke wangu Faida akaugonga kwa mwiko, ko ko ko,
akajijibu mwenyewe: "Karibu ndani!"
Tukacheka, hata Ansima akacheka,
akishika tumbo lake kwa sababu nyingine safari hii.

Mama mkwe alikuwa anakata bamia,
vidole vyake vimeungana kwa nyuzi za ute.
"Mnatafuta kamba," akasema. "Kamba si hii hapa?"
Kisha, bila kuniangalia:
"Na hiyo ngano, sisi tulianza kuila lini?
Mimi nimelea tisa kwa bugali ya muhogo na mtama."

Basi. Sikandi tena, namimina.
Vijiko vinne vya sarazeni, sita vya muhogo
uliotwangwa kinuni kwetu, si mashineni,
maana mashine ina kumbukumbu ya kila ilichosaga.
Yai. Ndizi iliyoiva mpaka ikaona haya.
Ute wa bamia, chumvi, maji vuguvugu.
Mikono haina kazi, inaning'inia, naitia mfukoni.
Kikaango kikishika moto unga unasema shii,
vitundu vinafunguka juu, kimoja, viwili, mia,
kama Kivu inapoanza kunyeshewa.

Wa kwanza ulivunjika nikiugeuza.
Ansima akakusanya vipande, akafungia sambaza,
akala amesimama.
Tulimtazama usiku kucha, Faida na mimi,
kama watu wanaolinda sufuria ya maziwa.
Hakulia.

Sasa mfukoni mwa Nshombo vimebaki vijiko kumi na kimoja.
Nimemwandikia. Hajajibu.
Mama mkwe anasema mtama unatosha, na pengine ni kweli.

Saa saba na nusu. Navaa koti.
Ngano ndiyo inayonunua mayai.
Nikipita kitandani kwake nazuia pumzi,
ingawa bado ni msafi, bado ni mtu,
nina nusu saa nzima ya kuwa mtu.