Kipande

Ofisini kwetu, ghorofa ya kumi na saba, Dar es Salaam,
saa moja ina vipande kumi.
Kila kipande dakika sita, kila kipande kina mteja,
mteja ana namba, namba ina bei.
Ukipiga chafya, kuna anayeilipia.

Shauri la Bi Mgeni Singano nalo lilipewa namba,
mwisho wake sifuri tatu.
"Hilo la sadaka," alisema Wakili Kahatano bila kuinua macho,
"lisikulie muda wa benki."

Nikapanda basi la alfajiri.
Baada ya Segera, mkonge, mkonge,
safu zimenyooka kama daftari la mtu mkali.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Mlango wa kijani, na juu ya kijani
alama nyekundu ya mnunuzi.
Hakuniuliza habari za safari.
"Nani anakulipa?"
Hakuna, mama. Ni bure.
"Bure," akalirudia, akilitafuna polepole
kama aliyekuta mchanga kwenye wali.
"Basi kaa ule. Bure haina nguvu ya kusoma makaratasi."

Bati la biskuti:
risiti za kodi ya kiwanja, cheti cha ndoa, cheti cha kifo,
na kadi moja ya hudhurungi, pembe zimeliwa.
Visanduku thelathini, ishirini na saba vina alama.
"Kipande cha baba. Hizi tatu aliumwa.
Hakuonja hata senti ya zile nyingine mpaka alipopona akazimaliza.
Nami nikaja kuwa karani shamba hilohilo.
Miaka kumi na tisa niliandika saa za watu."

Nikamsomea mukhtasari wa kikao cha ukoo:
*Mjane ameridhia nyumba iuzwe.*
Chini yake dole gumba, wino wa zambarau.
Akacheka mpaka kanga ikamteleza begani.
"Shemeji kanisahau!
Mimi dole nililiacha darasa la pili."
Akachukua kalamu yangu, akaandika jina lake
pembeni mwa gazeti lililofungia vitumbua,
herufi zote zimeinamia kulia, kama zinawahi kazini.

Baraza la Ardhi limetuita mara nne.
Mara ya kwanza mwenyekiti ana semina.
Ya pili, wazee wa baraza hawakutimia.
Ya tatu shemeji ana homa.
Ya nne, faili halionekani.
Na mimi naandika: kusafiri, kusubiri,
kusimama dakika mbili kusema "Sina pingamizi, mheshimiwa."
Kipande. Kipande. Kipande.

Bi Mgeni, mkoba mapajani, akaichungulia simu yangu.
"Hizo ni saa zako za bure?"
Ndiyo.
"Zangu kaandika nani?"

Nililitazama jedwali, kushuka na kupanda.
Halina safu hiyo.

Wiki ile wakanipigia kutoka ofisini:
kijitabu cha mwaka kinataka picha.
Si uso, mikono tu, ile yenye makunyanzi, inagusa watu.
Nikamfikishia kama nilivyoambiwa, macho chini.
"Waambie," akasema, "dole langu
lilishapigwa mara moja bila mimi kuwapo. Inatosha."

Sikuwaambia hivyo. Niliandika: *mteja hakuridhia.*
Maneno matatu. Nikayatoza dakika sita.

Leo ni mara ya tano.
Basi lilipata pancha Hale, nimefika nikihema,
tai mfukoni, kiatu kimoja vumbi tupu.
Yuko kwenye benchi lake, daftari jipya magotini,
amelipiga mistari kwa rula:
tarehe, jina, kuingia, kutoka.
Karani wa Baraza yumo. Shemeji yumo, nafasi yake tupu.
Mwenyekiti: *bado.*
Ananionyesha kwa ncha ya kalamu.
*Wakili: saa tatu na dakika kumi na mbili.*

Vipande viwili, nasema.

"Nitakukata," anasema, na anasogea nikae.